Mibono ya Miriam

“Samahani mzee, huu si wa kaburi?”

Dkt. Sabrina aliuliza hivyo mkasi wa kukatia matawi ukiwa tayari mkononi, na lilikuwa swali la haki. Mlali nzima inajua mbono hupandwa wapi. Hupandwa uzioni, na hupandwa kichwani pa maiti. Wa uzioni utaukata, utauchuma, watoto watapuliza mapovu kwa utomvu wake, na hakuna atakayekuuliza. Wa kaburini haukatwi. Hata kokwa yake ikianguka haiokotwi, inaachwa ioze hapo hapo, ni ya mwenyewe. Methusela aliyajua hayo kabla hajajua kufunga vifungo vya shati. Akautazama mti, akalitazama gari jeupe la mradi lililosimama mbele ya nyumba yake majirani wote wakiliona.

“Hapana, daktari. Wa uzio tu huo.”

Uzio! Uzio gani wa mti mmoja, jamani? Lakini mgeni angejuaje. Msalaba mchwa walikwisha kuula, tuta lilikwisha kukaa sawa na ardhi, na mama mtu, ambaye angetoka jikoni na mwiko akawatimua wote, alikuwa Busi kwao akimuuguza mama yake. Chini ya mbono ule alilala Miriam, mtoto pekee wa Methusela na Ruthu, aliyekufa akiwa ndiyo kwanza anajua kulitaja jina lake. Ruthu aliupanda kwa mkono wake siku ya maziko. Na siku hiyo hiyo, mbele ya wazee, alimwambia mumewe neno moja: “Mti huu ukiguswa, mimi na wewe basi. Narudi Busi.” Ruthu si mwanamke wa kusema kitu ili kisikike tu.

Sasa utauliza, kilimponza nini? Aibu, si kingine. Mradi ulikuja kijijini na wakubwa wa aina tatu: serikali, iliyokuja kwa miguu ya Bwana Joel wa halmashauri, maabara ya chuo, ambako ndiko alikotoka Dkt. Sabrina, na kampuni ya kutengeneza mafuta ya ndege, iliyomtuma kijana mmoja nadhifu aitwaye Cornel. Serikali itatoa ardhi, maabara itatoa akili, kampuni itatoa fedha. Kila kaya ilete kopo moja la kokwa za mbono, zikapimwe mafuta. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Ndege iruke kwa mbono? Lakini wakaleta. Methusela alikuwa balozi wa nyumba kumi, na uzio wake ulikuwa umekwisha kwa mchwa. Balozi aende mikono mitupu? Asubuhi ya kukusanya alichukua ufagio, akafagia kokwa zilizoanguka chini ya mti wa mwanawe, akajaza kopo. Ni kokwa tu, alijiambia, hata hivyo zinaoza.

Maabara ikapima makopo ya kata nzima. Lililozidi yote kwa mafuta likawa kopo la balozi, na ndiyo maana gari jeupe lilikuja mlangoni kwake kuutafuta mti.

Mkasi ukakata. Utomvu ukatiririka juu ya glavu za Dkt. Sabrina, vijiti vikafungwa kwa gunia lililoloweshwa maji, na Cornel akampa Methusela mkono, kisha kofia. Kofia ilikuwa na jina la mradi mbele. Pamoja na kofia ikaja kazi: msimamizi wa shamba la majaribio, mshahara kwenye simu kila mwisho wa mwezi. Methusela akaivaa hapo hapo.

Mama yake, bibi Debora, alikuwa amekaa kizingitini akichambua mlenda. Gari lilipoondoka ndipo akamwita.

“Methusela.”

“Naam, mama.”

“Vile vijiti wanakwenda kuvipanda?”

“Ndiyo. Kule karibu na korongo.”

“Juu ya nani?”

Methusela akacheka kidogo. “Juu ya udongo, mama. Ni shamba.”

“Mbono wa kichwani ukipandwa mahali, pale pamekuwa kitanda,” bibi kizee akasema, vidole bado vimo kwenye mlenda. “Umeshatandika vitanda vingi, mwanangu. Sasa kaa usubiri walalaji.”

*

Vijiti vilipandwa katikati ya kiangazi, wakati vumbi la Kongwa linapanda mpaka kwenye nyusi. Vilipandwa wakati huo kwa makusudi, maana watafiti walitaka kuona kama vinavumilia ukame. Hakuna kumwagilia, Dkt. Sabrina alisisitiza. Mkimwagilia mmeuharibu utafiti. Akachomeka ardhini kipimo cha unyevu chenye waya na betri, kikawa kinatuma habari zake moja kwa moja maabara huko Dodoma mjini.

Mibono yote ya Mlali ikapukutisha majani, kama kawaida yake kiangazi. Vile vijiti vikachipua. Vikatoa majani laini, mabichi, yanayong’aa kama yamepakwa mafuta, mstari baada ya mstari katikati ya nchi iliyoungua. Watu wa maabara walipoona picha walipiga makofi. Watu wa Mlali walianza kupita njia ya mbali.

Joha, aliyeajiriwa kupalilia, ndiye aliyesema kwanza. Alimfuata Methusela nyumbani na jembe begani.

“Balozi, mimi kesho siji.”

“Unaumwa?”

“Siumwi. Kule kuna mtoto.”

“Mtoto gani? Watoto wote wako shule.”

“Sijamwona. Anakohoa. Nikiwa mstari wa kwanza anakohoa mstari wa mwisho. Nikienda wa mwisho, anakohoa wa kwanza.” Joha akaliegemeza jembe ukutani. “Na si kikohozi cha ugonjwa, balozi. Ni kile cha mtoto anayetaka umgeukie.”

Methusela akamwambia ni upepo. Alisema kwa sauti kubwa, majirani wasikie, kama inavyompasa mtu mwenye kofia. Joha akamtazama kwa huruma, akaenda zake.

Kabla wiki haijaisha simu ikaita.

“Mzee Methusela, unamwagilia shamba?” Ilikuwa sauti ya Dkt. Sabrina.

“Simwagilii, daktari.”

“Kila asubuhi kipimo kinaonyesha udongo una maji. Mzee, niambie ukweli, sitakasirika.”

“Haki ya Mungu, daktari, simwagilii.”

Nyuma yake ikasikika sauti ya Cornel, wala haikujificha: “Hawa ndivyo walivyo. Wanadhani tukiona kijani tutaongeza mshahara. Tafuteni mwingine.”

Mtu mzima, balozi, mwenye mji wake, akawa anaapa kwenye simu kama mwanafunzi aliyeiba chaki. Iliuma. Kesho yake alidamka, akaenda kujibanza nyuma ya kichuguu amkamate huyo mmwagiliaji. Kukapambazuka. Hakuna aliyeingia wala aliyetoka. Mwanga ulipotosha kuona, akashuka shambani, na chini ya kila kijiti, kila kimoja, palikuwa na kiduara cha udongo mbichi, ukubwa wa bakuli la uji. Nyayo hakuna. Akachovya kidole. Akakionja, Mungu amsamehe, hata mwenyewe hakujua kwa nini alikionja. Kilikuwa na chumvi.

Maji ya nchi hii mengi yana chumvi, akajiambia. Akajiambia hivyo njia nzima mpaka nyumbani, akitembea haraka kuliko mtu ambaye hakuogopa.

*

Ruthu alirudi siku ya mnada, na kibegi kimoja na kuku wawili wa zawadi. Alimwamkia mama mkwe, “Shikamoo mama,” akajibiwa marahaba. Hakuomba maji. Alikwenda kwanza kwa mwanawe, kama alivyofanya kila mara akitoka safari. Methusela alimfuata, kofia ameificha nyuma ya mgongo.

“Baba Miriam, nani ameukata mti?”

“Mbuzi,” akasema Methusela.

Mbuzi! Angesema upepo, angesema radi, angesema hata wezi. Mbuzi hali mbono. Ng’ombe hali mbono, punda hali mbono, ndiyo maana ukawekwa uzioni. Mtoto wa darasa la kwanza angemcheka. Ruthu hakucheka. Alipitisha kidole juu ya makovu, yaliyonyooka vile mkasi ulivyoyaacha, moja baada ya jingine.

“Mbuzi,” akarudia taratibu.

Akaingia ndani kwa bibi Debora, mlango ukafungwa. Methusela alisimama nje akingoja kilio. Hakukuwa na kilio. Ruthu alipotoka, kibegi chake bado kilikuwa mkononi, akakaa nacho juu ya jiwe la kufulia. Na Methusela, umri wake wote ule, akapiga magoti kwenye vumbi.

“Mke wangu, usiende.”

“Nilisema nitakwenda, na nitakwenda.”

“Nilikosa. Niliona haya mbele za watu.”

“Na mbele yake hukuona haya?” Ruthu akauelekezea mti kidevu. Kisha sauti yake ikashuka. “Lakini siondoki nikamwacha mwanangu ametapakaa hivi. Wacha nimkusanye kwanza. Siku nikimaliza utanisindikiza mpaka barabarani.”

Kuanzia kesho yake Ruthu akawa anashinda shambani. Palizi ilikuwa imekosa mtu, kwa hiyo mradi haukuwa na kinyongo. Methusela alikuwa akisimama pembeni akimtazama. Mkewe alipita kati ya mistari akizungumza kwa sauti ya chini, kisha akanyamaza na kuinamisha kichwa, kama mtu anayesubiri jibu, kisha akaendelea na mazungumzo. Mara nyingine alicheka. Tangu alipoanza kushinda mle, viduara vya maji havikuonekana tena, na maabara ikapiga simu kumshukuru msimamizi kwa kuacha kumwagilia.

Methusela aliitikia ahsante.

*

Siku ya uzinduzi yalifungwa maturubai mawili, moja la wageni lenye maji ya chupa, na moja la wanakijiji lisilo na kitu. Methusela alikuwa amepewa kiti safu ya mbele, kofia yake imepigwa brashi. Hakikupata joto hicho kiti.

“Msimamizi, tupishe hapo,” Bwana Joel akamnong’oneza. “Kuna mgeni wa wizara.”

Akapisha. Akasimama kwenye nguzo ya turubai hotuba zote, akibadilisha mguu huu na huu.

“Mbukwenyi!” Bwana Joel akaanza, na watu wakaitika, maana salamu haikataliwi. Akasema chungu hakikai juu ya figa moja: serikali figa la kwanza, maabara la pili, kampuni la tatu, na juu yake kinapikwa chakula cha taifa. Wageni wakapiga makofi. Dkt. Sabrina akaeleza utafiti kwa maneno mepesi, mwanamke mwema asiye na majivuno, kisha akakaribisha maswali. Ruthu akasimama.

“Dada, mimi sikusoma sana. Nauliza tu. Vijiti vyote hivi ni mti mmoja?”

“Swali zuri sana, mama.” Uso wa Dkt. Sabrina ukachangamka. “Tungepanda mbegu, kila mti ungekuwa tofauti kidogo, kama ndugu wa tumbo moja. Lakini kijiti si mtoto wa mti. Kijiti ni mti wenyewe. Hata tukipanda shamba zima, mti ni ule ule.”

“Ule ule?”

“Ule ule kabisa. Ukiupima mpaka ndani, hauna tofauti hata chembe.”

“Nashukuru kwa kunieleza,” Ruthu akasema. “Basi huyo ni mwanangu Miriam. Uliota kichwani pake, na chini alikuwepo yeye. Mmemkata nikiwa safarini.”

Hakupaza sauti. Lakini kwenye turubai la wanakijiji mzee mmoja akainuka, akakikunja kiti chake alichokuja nacho, akaondoka. Wakafuata wengine, wanawake wamejifunika midomo kwa kanga. Hakuna aliyekimbia, walikwenda tu bila kugeuka.

“Haya, kwaya! Kwaya iko wapi?” Bwana Joel akapiga kelele kwenye kipaza sauti. Kwaya nayo ilikuwa njiani kuelekea nyumbani.

Dkt. Sabrina alikuwa akimtafuta Methusela kwa macho. Methusela aliitazama nguzo. Ndipo, pasipo upepo hata wa kupeperusha ushungi, majani yakaanza kutikisika nyuma ya turubai. Yalianza mstari wa mwisho, yakaja wa pili yake, na wa tatu, moja kwa moja mpaka wa mbele, kama mtu mfupi anapita akiyagusa. Yakaishia mkabala na aliposimama Ruthu, yakatulia.

“Inapendeza,” akasema mgeni wa wizara, akatoa simu kurekodi.

*

Wale watatu walirudi baada ya siku chache, safari hii bila maturubai. Walikaa uani kwa Methusela kwenye vigoda, na hakuna aliyegusa togwa aliyowekewa.

“Nilikuuliza, mzee,” akasema Dkt. Sabrina. Macho yake yalikuwa mekundu.

“Uliniuliza, daktari.”

“Nilikuuliza kabla sijakata.”

“Kweli uliniuliza.”

“Ing’olewe yote,” Dkt. Sabrina akawageukia wenzake. “Leo hii. Mimi siwezi kuandika utafiti juu ya kaburi la mtoto.”

“Taratibu, daktari,” Bwana Joel akasema. “Ile ni ardhi ya serikali. Shamba limeshaingia kwenye taarifa, limefika mpaka juu. Nitasema limekwenda wapi?”

“Ardhi ni yenu, mimea ni ya chuo.”

“Mimea ni ya chuo, lakini chochote kitakachotoka humo ni cha kampuni,” Cornel akadakia. “Mkataba unasema. Hakuna wa kung’oa peke yake.”

Wakabishana hivyo, ya serikali, ya chuo, ya kampuni, kama ndugu wanaogawana mirathi mbele ya mjane. Ruthu alikuwa jikoni na mama mkwe wake. Akatoka akifuta mikono.

“Nisaidieni kitu kimoja,” akasema. “Ardhi ya serikali. Mimea ya chuo. Mafuta ya kampuni. Mtoto yuko fungu la nani?”

Nyie, mngewaona! Cornel alitazama viatu vyake, kisha akainuka na simu, akaenda kuzungumza na wakubwa wake nyuma ya banda la kuku. Alichukua muda. Aliporudi, jasho lilikuwa limelowesha kola.

“Wamesema ing’olewe. Wanunuzi wa nje wakisikia ndege imerushwa kwa mti wa kaburini, tumekwisha. Ila iwe kimya kimya. Hakuna gazeti, hakuna picha.”

“Lini?” Ruthu akauliza.

“Jumatatu.”

Ruthu akatikisa kichwa kukubali. Akaliendea jembe lake, akakaa chini akaanza kulinoa. Methusela alipaswa kufurahi, maana balaa lilikuwa linaondoka. Lakini alisikia jiwe likipita juu ya chuma, akakumbuka kwamba mtoto akishakusanywa, hakuna kitakachomzuia mama yake. Alitoka akaenda kukaa peke yake zizini mpaka giza likaingia.

*

Jumatatu lori lilileta vibarua kutoka Mkonze, kwa kuwa Mlali yote ilikataa. Walishuka wakitaniana. Walipoona ni mimea gani wanayotakiwa kung’oa, na mwanamke aliyesimama katikati yake na kanga mpya, utani ukakatika. Hao nao ni watu wa nchi hii, si wageni wa mbono. Wakabaki kingoni.

“Wewe msimamizi,” Bwana Joel akamwamuru Methusela. “Anza wewe, wenzako wafuate.”

Methusela akaingia. Akashika kijiti cha kwanza cha mstari wa kwanza, akavuta. Kilitoka kwa urahisi wa kutisha, na mizizi myeupe, mifupi, imekunjana kama vidole. Akasubiri Ruthu apige ukelele. Ruthu akanyoosha mikono miwili.

“Nipe.”

Akampa. Ruthu akakivunja katikati, utomvu ukamchuruzika viganjani. Akachana kipande cha kanga, akaifunga nusu yenye mizizi, akachimba kwa jembe lile alilolinoa, akailaza, ubavu wa kulia, akafukia, akasawazisha tuta kwa kiganja. Kisha akaisimika nusu ya juu, yenye majani, kichwani. Akafumba macho akasema maneno machache. Akafumbua.

“Haya. Na mwingine.”

Bwana Joel alikuja mbio. “Mama! Sisi tunang’oa, wewe unapanda?”

“Sipandi, baba. Nazika. Kwenu mkizika mtu mnaacha kichwa chake wazi?”

Bwana Joel naye ni mtoto wa Kongwa, mama yake kalala chini ya mbono. Akarudi kingoni.

Methusela akavuta cha pili. Akakivunja yeye mwenyewe safari hii, akachukua jembe, akachimba. Nyuma yake akasikia miguu. Kibarua mmoja wa Mkonze alikuwa ameweka kofia chini na kuingia, maana kaburi likichimbwa huwezi kusimama mikono nyuma, hata kama maiti humjui. Akaingia mwingine. Habari ikafika kijijini, ikaja na wanawake. Joha alikuja na jembe lake lile lile, akaenda mstari wa mwisho bila kuambiwa. Bibi Debora aliletwa ameshikwa mkono, akakaa ukingoni akaanza maombolezo ya Kigogo, yale marefu yanayomtaja marehemu kila mara kama amekufa leo. Uoga uliokuwa umewashika watu siku zote zile ulikuwa umeondoka. Kitanda kisicho na mtu kinatisha. Msiba wanaujua.

Dkt. Sabrina alivua viatu. Akapiga magoti kwenye tuta mojawapo, akatupa udongo kiganja kimoja, akabaki hapo.

“Wazuie!” Cornel akamvuta Bwana Joel mkono. “Wanarudisha shamba lote!”

Ilikuwa kweli. Kila kilichong’olewa kilikuwa kimesimama tena, kifupi zaidi, kijani vile vile, mstari kwa mstari, na mbele ya kila kimoja tuta dogo la udongo mpya. Jua lilipoinama, shamba la majaribio lilikuwa karibu lote limebaki kama lilivyokuwa, ila sasa lilikuwa na watu chini.

“Hili haling’olewi tena,” Bwana Joel akasema kwa sauti ya mtu aliyechoka. “Kaburi halifukuliwi bila kibali. Ni sheria.”

“Kibali cha nani?”

“Kwanza wafiwa wakubali.” Akamtazama Ruthu, akaona hakuna la kuuliza.

Methusela alikuwa akichimba polepole. Mistari ilikuwa inakwisha. Kila shimo lilimsogeza karibu na barabara, na mkono wake ulikuwa mzito kwa sababu hiyo, si kwa kazi. Alitamani shamba lingekuwa kubwa mara kumi. Katikati ya nyimbo na majembe, mara moja tu, alikisikia kikohozi. Kilitoka karibu kabisa, chini ya kiwiko chake. Hakuruka. Aligeuka, kama anavyogeuka baba akivutwa shati, akasema polepole, “Nipo.” Hakikurudia.

Bwana Joel akamjia na kalamu. Taarifa ilipaswa kuandikwa, na taarifa haiandikwi bila hesabu.

“Msimamizi, nipe idadi. Vimezikwa vingapi?”

Methusela akanyooka. Kofia ilikuwa imeshamtoka zamani, hakujua iko wapi. Akaitazama mistari mpaka mwisho wake.

“Mmoja,” akasema.

“Nakuuliza shamba zima.”

“Ndiyo, bwana. Ni mtoto mmoja. Anaitwa Miriam.”

Ruthu alikuwa ameinama kwenye tuta la jirani. Akainua uso, akamtazama mumewe moja kwa moja, kwa mara ya kwanza tangu arudi kutoka Busi. Kisha akanyoosha mkono, akamkabidhi kijiti kilichofuata.

“Chimba, Baba Miriam,” akasema. “Bado hatujamaliza.”